Kwa Baiskeli na Hema Hadi Bonde la Kidepo

Msafiri aendaye Karamoja kwa gari huiona nchi kupitia kioo, na vumbi lake huwaachia wenyeji. Aendaye kwa baiskeli huijua nchi kwa miguu, kwa pumzi na kwa kiu. Tena hawezi kumpita mtu njiani bila kumsalimu. Ndiyo maana safari za kuongozwa, ambazo watu huendesha baiskeli mchana na kulala hemani usiku, zimepata wapenzi katika nyika hiyo ya kaskazini-mashariki ya Uganda, ambayo kwa miaka mingi ilisifika zaidi kwa habari za bunduki.

Hii ni habari ya safari moja ya namna hiyo, ya siku tano, kutoka mji wa Kotido hadi Mbuga ya Taifa ya Bonde la Kidepo. Wasafiri walikuwa wanne: sajini mstaafu wa jeshi pamoja na mwanawe wa miaka 19, na konstebo wa polisi aliyekuwa likizoni pamoja na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Kiongozi wao alikuwa kijana wa Kijie, mzaliwa wa nchi hiyo. Nyuma ilifuata pikapu iliyochukua mahema, maji, chakula na mpishi.

MATAYARISHO

Safari ya namna hii hufaa wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi. Mvua zinyeshapo, udongo mweusi wa Karamoja hunata kwenye magurudumu hata yasizunguke, na mwenye baiskeli hugeuka kuwa mchukuzi wake. Baiskeli zenyewe si zile za kubebea ndizi sokoni. Hizi zina tairi nene zenye meno, breki kali, na gia nyingi za kupandia vilima.

Adui mkubwa wa tairi ni mwiba wa mgunga. Kwa hiyo kila msafiri alichukua tyubu mbili za akiba, viraka, gundi na pampu. Maji ya kunywa yalipimwa lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na yale ya kupikia na kunawa.

Kiongozi aliweka amri nne kabla ya gurudumu la kwanza kuzunguka. Kuondoka ni saa kumi na mbili alfajiri, na kupumzika kivulini ni tangu saa tano hadi saa tisa. Katika kila kituo cha polisi na kila ditachi ya jeshi, lazima kutoa habari ya mahali pa kulala. Hakuna kupiga picha ya mtu pasipo idhini yake. Na ya nne, ambayo aliirudia mara mbili: hakuna kupita boma la watu kimya kimya kama mwizi.

NCHI YA WAJIE

Kutoka Kotido nchi ni tambarare, na vilima huonekana mbali kama meli zilizotia nanga. Asubuhi hewa ni baridi na baiskeli hukimbia zenyewe. Ifikapo saa nne jua huanza kudai ushuru wake. Watoto wachungaji walikimbia kandokando ya njia wakicheka, na mmoja wao, asiye na kiatu, alimshinda mbio konstebo kwa umbali wa kutosha kumtia haya.

Maboma ya nchi hiyo, yajulikanayo kwa jina la manyatta, huzungushiwa ua mnene wa matawi na miiba. Mlango wake ni mfupi mno, hata aingiaye hulazimika kuinama karibu na kutambaa. Mgeni huweza kudhani ni upungufu wa ufundi, kumbe ni ulinzi: adui aingiaye ameinama hawezi kurusha mkuki. Nyumba na ua hujengwa na wanawake, nao ndio wenye nyumba kwa maana halisi ya neno hilo.

Kiongozi alieleza pia asili ya jina la watu wa Karamoja kama isimuliwavyo na wazee. Husemwa kwamba zamani kundi moja lilipohama, vijana walisonga mbele na wazee wakabaki nyuma wamechoka. Ndipo likapatikana jina lenye maana ya wazee waliochoka.

Pancha ya kwanza ilimpata mwalimu. Mumewe aliharakisha kumsaidia, lakini mama huyo alikwisha kugeuza baiskeli juu chini, akatoa tairi, akatafuta tundu kwa kuisikiliza tyubu sikioni, akabandika kiraka. Konstebo alipewa kazi ya kushika pampu.

SWALI LA MZEE

Usiku wa pili walilala katika nchi ya Wadodoso, ng'ambo ya mji wa Kaabong. Kiongozi aliomba ruhusa bomani, nao wakaonyeshwa mahali chini ya mti. Baada ya chakula alikuja mzee mmoja na kigoda chake kidogo cha mti, akaketi karibu na moto. Alisema Kiswahili alichojifunza kwa wachuuzi wa ng'ombe na kwa askari. Akauliza wageni ni nani, na sajini hakuficha: alikwisha kufanya kazi ya jeshi katika wilaya hiyo mwaka 2006.

Hapo yafaa kukumbuka mambo machache. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Wizi wa mifugo, uliokuwa ukifanywa kwa mikuki, ukawa vita vya risasi. Mwaka 2001 Serikali ilianza kukusanya bunduki, na kuanzia mwaka 2006 jeshi liliifanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi. Ikafuata miaka ya utulivu. Lakini mwaka 2019 uvamizi ulirudi, na mwezi wa Julai 2021 ikaanzishwa operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.

Mzee aliyajua hayo yote bila kalenda. Alinusa ugoro wake, kisha akasema:

"Mlipokuja, mlisema toa bunduki, ng'ombe tutawalinda sisi. Mimi niliitoa. Kabla ya mwezi kwisha ng'ombe wangu walichukuliwa na watu ambao bunduki zao hamkuwa mmezifikia. Sasa niambie, Afande, deni hilo ni la nani?"

Konstebo alitaka kueleza habari za mipaka mirefu na uchache wa askari. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Sajini akamzuia kwa mkono. Alikaa kitambo akiutazama moto.

"Mzee," alisema, "bunduki tulijua kuzihesabu. Ng'ombe wako hatukuwahesabu. Sina jibu jingine."

Mzee hakusema kwamba amesamehe, wala sajini hakumwomba aseme hivyo. Lakini kijana wa sajini, ambaye alikuwa akingojea kuitwa kuandikishwa jeshini, aliuliza kwa adabu: "Babu, walikuwa wangapi?"

Swali hilo lilimfanya mzee asogeze kigoda chake. Akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi zao na pembe zao: yule mwekundu mwenye tumbo jeupe, yule wa kijivu aliyevunjika pembe, yule mweusi aliyepewa siku ya ndoa ya bintiye. Walifika 31. Kijana aliwaandika wote katika daftari lake kwa mwanga wa kurunzi, na mzee akangojea kila mmoja aandikwe ndipo amtaje mwingine.

Alfajiri, wakati mahema yakikunjwa, mzee alimleta mjukuu wake. Mtoto huyo aliwaongoza hadi kwenye mto mkavu, akachimba mchanga kwa kibuyu hata maji safi yakachuruzika. Mapipa ya pikapu yalikuwa yamebaki nusu, na mpishi alikwisha kuingiwa na wasiwasi.

KATIKA MBUGA

Siku ya tatu na ya nne njia ilipanda na kushuka vilimani. Mlima Morungole, wenye kimo cha mita 2,750, ulijitokeza mbele yao. Huko juu huishi Waiki, kabila dogo lenye lugha yake lenyewe, ambao zamani waliwinda na kuokota matunda katika bonde la Kidepo, na ambao walilazimika kuliacha bonde hilo lilipofanywa mbuga ya wanyama. Kwao mlima huo ni mtakatifu.

Bonde la Kidepo lilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1962, nalo lina ukubwa wa kilomita za mraba 1,442, likipakana na Sudan Kusini. Hapo baiskeli zilipakiwa garini. Kiongozi alisema simba na nyati hawajafundishwa sheria za barabarani.

Mto Kidepo wenyewe, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni barabara pana ya mchanga mweupe iliyopandwa mivumo pande zote mbili. Jina lake husemwa kuwa latokana na kuokota, maana watu walifika hapo kuokota matunda ya mivumo hiyo. Katika bonde la Narus, ambako maji hudumu hata kiangazi, wasafiri waliona nyati kwa mamia, punda milia, twiga na tembo. Katika Uganda, duma na mbuni huonekana hasa katika pembe hiyo ya nchi. Miaka ya bunduki iliwapunguza wanyama sana. Bunduki zilipotulia, walianza kuongezeka.

Usiku wa mwisho walipiga hema Apoka, kwa ulinzi wa askari wa wanyama. Simba alinguruma mara tatu, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhimizwa kuingia hemani.

KWA WENYE FAMILIA

Safari hii haihitaji ushujaa mkubwa, bali mazoezi. Ajiandaaye aendeshe baiskeli wiki sita kabla, akiongeza mwendo kidogo kidogo hadi kilomita 40 kwa siku. Maharage yaroweshwe tangu jioni katika chombo chenye kifuniko ili yaokoe kuni na maji. Unga wa mtama, vitunguu, chumvi na ndimu hustahimili joto. Nyanya huoza siku ya pili. Zaidi ya yote, kiongozi awe mwenyeji, na habari za usalama ziulizwe kwa wakuu wa mahali kabla ya kuondoka, kwani njia iliyo salama mwezi huu yaweza kubadilika mwezi ujao.

Waliporudi Kotido, kila mmoja alichukua ukumbusho wake: mwalimu kigoda, konstebo magoti yaliyovimba. Sajini alimwuliza mwanawe kama bado anataka kwenda jeshini. Kijana akajibu kwamba anataka, naye atalichukua daftari lake.