Kitoweo Kilipogeuka Chakula

Katika lugha yetu ya pwani, chakula ni wali. Samaki ni kitoweo. Mtu aweza kula pweza na nguru hadi akatosheka, lakini asipopata wali, au muhogo, au walau kipande cha boflo, atakwambia kwamba leo hajala. Kitoweo ni cha kuteremshia tonge. Daraja hizi zilizopangwa na lugha ndizo zinazovurugika siku mtu anapoamriwa kupunguza wanga. (Na neno lenyewe lina kisirani: wanga tuliowajua utotoni ni wale watembeao usiku.)

Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka saba, aliamriwa hivyo kwa ajili ya maradhi ya sukari. Akapewa na karatasi ya Kiingereza iliyosema kwamba mtu wa kilo 60 kama yeye ale gramu 72 za protini kwa siku. Kabla haijanifikia mimi mfasiri wa ukoo, mjukuu wake alikwisha kumsomea. Ukanunuliwa mzani. Zikapimwa gramu 72 za changu, zikagawanywa mlo wa mchana na wa usiku, pembeni mchicha, basi. Wiki ya tatu alikuwa akipanda ngazi kwa kushika ukuta.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “Wazungu hawa hula kama ndege?”

Hesabu ya karatasi ilikuwa sahihi. Kilichopotea ni tafsiri. Gramu za protini si gramu za samaki. Samaki aliyepikwa, sehemu yake kubwa ni maji: gramu 100 za mnofu bila miiba huwa na protini gramu 20 hadi 25. Yai moja lina takriban gramu 6. Kwa hiyo changu yule alimpatia dada gramu zisizozidi 18, yaani robo ya alichoandikiwa, na mwili unaonyimwa protini huanza kuila misuli yake wenyewe.

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzani wake. Kwa wazee hutajwa gramu 1.0 hadi 1.2, na wapunguzao wanga aghalabu hushauriwa 1.2 hadi 1.5. Kunde na choroko nazo zina protini, ila huja pamoja na wanga wake.

Neno protini lilichapishwa mwaka 1838 na Mholanzi Mulder, kwa shauri la Berzelius wa Sweden, kutokana na Kigiriki chenye maana ya kitangulizi, kilicho mbele. Wao walikiweka mbele kile tulichokiweka sisi kando ya wali. Lakini kutangulia si kujitosheleza. Mwaka 1928, katika hospitali ya Bellevue mjini New York, msafiri wa nchi za barafu Vilhjalmur Stefansson alikubali kuishi kwa nyama tupu chini ya macho ya madaktari. Mwanzoni walimpa nyama isiyo na mafuta, na baada ya siku chache akaharisha na kudhoofika. Alipopewa mafuta akapona, akaendelea. Mwenye kuacha wali akaacha na tui, akabaki na chukuchuku asubuhi na jioni, atachoka mapema. Na protini ikipita kiasi, ini laweza kuigeuza sehemu yake kuwa sukari.

Basi nikamfasiria dada karatasi ile upya. Mahali pa gramu 72 niliandika: vipande viwili vya nguru, kila kimoja ukubwa na unene wa kiganja chako, na mayai mawili, mchuzi uwe wa nazi. Mzani akampa mjukuu apimie unga.

Hata hivyo niliongeza mstari ambao haukuwamo katika asili, jambo ambalo mfasiri hukatazwa. Sukari ya miaka mingi huweza kuharibu figo kimyakimya, na figo iliyoharibika huenda ikahitaji protini ipunguzwe, si iongezwe. Nalo ni la daktari kuamua baada ya kupima damu na mkojo. Niliandika asizidi hapo kabla ya kupimwa. Damu alitolewa juzi. Majibu ni Jumatatu.