Kipande cha Kifuani

Songea kwa miaka mingi ilikuwa nchi ya kutoa watu. Mwaka 1955 mtaalamu P. H. Gulliver alitoa utafiti wake juu ya Wangoni na Wandendeuli waliokuwa wakiacha mashamba yao na kwenda kutafuta kazi mbali, hasa katika mashamba ya mkonge. Huko mfanyakazi alipewa kipande, yaani karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi, na zilipotimia siku 30 alilipwa ujira wake. Kipande kilishuhudia kwamba mtu alifanya kazi. Hakikusema kama kazi ile ilimfaa au ilimdhuru.

Mzee mmoja wa Songea, ambaye baba yake alirudi kutoka Tanga na kipande cha namna hiyo, anacho kipande kingine ambacho hakikuandikwa na karani yeyote. Alikwenda hospitali kwa sababu ya kikohozi, akihofia kifua kikuu. Makohozi yalipimwa yakaonekana hayana ugonjwa. Lakini picha ya eksirei ilionyesha mabaka meupe katika utando unaofunika mapafu, upande wa kulia na wa kushoto. Daktari, binti wa umri wa wajukuu zake, hakumwuliza kwanza juu ya maradhi. Alimwuliza juu ya kazi.

Ndipo mzee alipokumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1970, alipokuwa fundi wa kuezeka. Aliezeka kwa mabati ya asbesto, ambayo kwa kweli si bati, bali ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe. Aliyakata kwa msumeno wa mkono, na jioni nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za msaga unga. Hakuna aliyemwambia afunike pua. Kampuni iliyomwajiri haipo tena, wala daftari lake halipo. Kumbukumbu iliyosalia ni ile iliyomo kifuani mwake.

Asbesto ni jiwe la ajabu, kwa kuwa hupasuka likawa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huvutwa pamoja na pumzi, na baadhi yake hufika hata kwenye utando wa mapafu. Mwili hauwezi kuziyeyusha, basi hujizungushia makovu magumu. Aghalabu makovu hayo huonekana baada ya miaka 20 au zaidi, wakati mtu amekwisha kuisahau kazi yenyewe.

"Niambie, mwanangu," aliuliza mzee, "mabaka haya ndiyo saratani?"

"Siyo, mzee. Wala hayageuki kuwa saratani."

"Basi mimi ni salama?"

Daktari alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na kunyamaza kwake kulikuwa na sababu. Baka lenyewe halina sumu, lakini ni shahidi kwamba nyuzi ziliingia, na nyuzi ndizo zenye hatari. Mwaka 1955 Richard Doll alionyesha kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo za asbesto nchini Uingereza walikufa kwa saratani ya mapafu kupita kiasi cha kawaida. Mwaka 1960 Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wenyewe, na karibu wote waliwahi kukutana na asbesto. Kisha mwaka 1979 Hammond na Selikoff walitoa hesabu ya kutisha. Walimlinganisha kila mtu na yule asiyevuta sigara wala vumbi hilo. Aliyevuta vumbi peke yake alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 5. Aliyevuta sigara peke yake, kama mara 10. Na aliyevuta vyote viwili, zaidi ya mara 50. Mzee alikuwa na pakiti ya sigara mfukoni.

Je, baka huongeza neno lolote juu ya vumbi lenyewe? Hapo wanazuoni hawajaafikiana. Utafiti wa Ufaransa uliotolewa mwaka 2014 uliona kwamba wenye mabaka walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Wengine walitafiti wasione hivyo. Kwa hiyo hekima ni kumhesabia mtu hatari yake kwa vumbi na sigara alizovuta, na kulichukua baka kuwa ushahidi tu.

Ipo njia ya kuitafuta saratani kabla haijajidhihirisha. Mwaka 2011 Wamarekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana. Waliopigwa picha za tabaka kwa tabaka kila mwaka kwa miaka mitatu walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kawaida. Wataalamu wa Helsinki, katika ushauri wao wa mwaka 2014, waliwataja wafanyakazi wa asbesto wenye hatari ya kiasi hicho kuwa wanastahili picha hizo.

Lakini katika uchunguzi huo huo wa Marekani, kati ya kila picha 100 zilizoleta shaka, zaidi ya 90 hazikuwa na saratani. Katika nchi ambayo kifua kikuu kimeacha makovu mapafuni mwa watu wengi, shaka haziwezi kuwa chache. Kutoka Songea mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ni zaidi ya kilomita 900. Kwa tajiri, shaka ya bure ni juma moja la wasiwasi. Kwa mkulima ni magunia ya mahindi yaliyouzwa kabla ya wakati wake.

Daktari alimweleza mzee yote hayo pasipo kumficha, kisha akaandika katika faili lake majina ya mahali alipofanya kazi, mwaka kwa mwaka. Akamwambia kwamba kuacha sigara hupunguza hatari kadiri miaka ipitavyo, hata kwa aliyevuta vumbi, na dawa hiyo haihitaji nauli. Mzee alifikiri, akasema kwamba atakwenda Dar es Salaam kupigwa picha baada ya mavuno. Pakiti aliiacha juu ya meza.

Alipofika nyumbani alisikia kwamba mjukuu wake amepata kibarua cha kubomoa paa la nyumba kuukuu. Hakupumzika. Alikwenda akawakuta vijana wamekwisha kushika nyundo na msumeno. Aliwazuia, akawaamuru walilowanishe paa kwa maji, wafunike pua na mdomo, washushe kila bati likiwa zima, wala wasikate hata moja. Kijana mmoja alicheka akasema kwamba mzee anaogopa vumbi.

"Ndiyo, naliogopa," alijibu. "Nimeliona katika picha."

Kipande cha baba yake kilimpatia ujira wa mwezi. Chake yeye hakikumpatia ujira wowote, ila neno la kumwambia mjukuu wake, na siku ile maji yalimwagwa juu ya paa kabla ya bati la kwanza kushushwa.