Jicho Moja Lifumbwe: Lengo na Tija Katika Nyanda za Timboroa

Mlenga shabaha hufumba jicho moja. Si kwamba jicho lile lina kasoro. Hulifumba kwa hiari yake ili la pili lipate kuona sawasawa. Neno shabaha limehifadhi siri ambayo neno lengo, kwa kutumiwa ovyo katika hotuba na mikutano, limekaribia kuipoteza: kwamba kuchagua cha kutazama ni kukubali kutokitazama kingine. Siku hizi hakuna duka, kampuni wala chama kisichokuwa na malengo. Huorodheshwa kumi au kumi na mawili, yakaandikwa kwa rangi ukutani. Lakini mwenye malengo kumi na mawili hana lengo. Ana orodha ya matamanio. Hapo ndipo tija, yaani kinachopatikana kikilinganishwa na nguvu, muda na mali iliyotumika, huanza kuvuja kama maji katika mtungi wenye ufa.

Timboroa ni mahali panapolifundisha somo hili pasipo mwalimu. Mji huu mdogo uko kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, karibu na Ikweta, ila msafiri anayedhani kwamba Ikweta ni jua kali hushuka hapo akitetemeka. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Nakuru mwaka 1921 na kufika Eldoret mwaka 1924 ililazimika kupanda hapa hadi zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na stesheni ya Timboroa ikasifika kuwa ya juu kuliko zote katika himaya ya Waingereza. Garimoshi linalokwea mwinamo wa namna hiyo halina nafasi ya mzaha. Kila behewa la ziada lina gharama yake. Mlima humuuliza dereva swali ambalo tambarare haimuulizi: ni mzigo upi lazima ufike, na ni upi unaoweza kubaki? Wahenga nao waliliona jambo hilo waliponena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.

Swali lilo hilo liko shambani. Udongo na baridi ya Timboroa huvifaa viazi, kabeji, karoti na minji, na majani yake huwafaa ng'ombe wa maziwa na kondoo. Neema hiyo ndiyo mtihani wenyewe. Mchukulie mkulima mwenye ekari tatu. Ekari moja ni ya viazi, vipande vingine ni vya kabeji na karoti. Ana ng'ombe wawili, kondoo wachache, na kibanda kando ya barabara. Akipata visenti, anawaza kununua pikipiki ya bodaboda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo baya. Ila saa za siku hazikuongezwa kwa ajili yake. Akikaa kibandani, viazi hukosa dawa wakati ukungu umetanda na majani yanaanza kuoza. Akienda kunyunyiza dawa, maziwa huchelewa. Jioni humkuta amechoka kuliko majirani zake wote, na daftari lake, kama analo, haliwezi kumwambia faida ilitoka wapi wala hasara iliingilia mlango gani. Januari karo ya watoto hubisha hodi na kumkuta ana shughuli sita na mfuko mmoja uliotoboka. Njia mbili zilimshinda fisi; sembuse sita?

Tuseme sasa mkulima huyu anajiwekea lengo moja. Halitakuwa "kuendelea" wala "kupata faida", kwa maana hizo ni dua. Litakuwa hili: kuongeza magunia ya viazi katika ekari ile ile moja kabla ya misimu miwili kupita. Ni jambo moja, linahesabika, na lina mwisho. Punde si punde lengo hilo huanza kumfanyia kazi. Humfanya aichunguze mbegu yake, maana wakulima wengi wa Kenya hupanda viazi vidogo vilivyosalia katika mavuno yao wenyewe, na pamoja na mbegu hiyo hupanda upya ugonjwa wa mnyauko. Wastani wa mavuno nchini hukadiriwa kuwa takriban tani 10 kwa hekta au pungufu, ilhali mbegu safi na utunzaji mwema huweza kuyazidisha maradufu. Basi pesa za pikipiki zinakuwa pesa za mbegu iliyothibitishwa. Kibanda kinakodishwa kwa mwingine. Ng'ombe wanabaki, kwa kuwa samadi yao inakwenda shambani. Kila kitu kinaulizwa swali moja tu: unalisaidiaje lengo? Mkulima hana haja tena ya kubishana na nafsi yake kila alfajiri, na nguvu iliyokuwa ikipotelea katika mabishano hayo inarudi kwenye jembe.

Anayedhani kwamba kanuni hii ni ya wenye jembe tu na aitazame simu iliyo mfukoni mwa mkulima huyo. Mwaka 2005, huduma iliyokuja kujulikana kwa jina la M-Pesa ilipoanza kufanyiwa majaribio na Safaricom, nia ilikuwa kuwarahisishia wateja wa mikopo midogo ulipaji wa madeni. Mzigo ulikuwa mkubwa: hesabu za vikundi, ratiba za marejesho, na vitabu vya wakopeshaji visivyopatana kwa urahisi na mfumo mpya. Lakini ilibainika kwamba watu waliopewa huduma hiyo walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo iliwekwa kando, ikabaki kazi moja inayoelezeka kwa pumzi moja: kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kutimia, wateja walikuwa wamepita milioni moja. Akiba na mikopo ya M-Shwari ilikuja Novemba 2012, juu ya msingi uliokwisha kukauka.

Huko Kaptagat, katika nyanda zizi hizi za juu, mwanariadha Eliud Kipchoge na kocha wake Patrick Sang walitoa mfano ulio mkali zaidi. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumwongozea kasi, na kwa mpango huo muda wake usingeweza kutambuliwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Hilo lilijulikana mapema. Lengo lilikuwa kushuka chini ya saa mbili. Rekodi ya vitabuni ikafumbiwa jicho. Lengo halisi hupimwa hivyo, kwa thamani ya kile ambacho mtu yuko tayari kukiacha.

Hata hivyo, si haki kumhubiria mkulima wa ekari tatu kana kwamba yeye hana akili. Maskini hagawanyi nguvu zake kwa upumbavu. Huzigawanya kwa woga, na woga wake una sababu. Kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza duniani kwa pareto, na wakulima wa nyanda za juu waliitegemea. Mnunuzi halali alikuwa mmoja, na malipo yalipochelewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi waling'oa maua yao wakiwa na madeni. Kwa hiyo itenganishwe mizani: lengo moja si zao moja, wala si mnunuzi mmoja. Kondoo wawili wa dharura na wabaki zizini, mradi ijulikane kwamba hao ni akiba wala si biashara ya pili. Tena, lengo likishatimia lina haki ya kustaafu. Viazi vya aina ya Shangi huchipua upesi baada ya kuvunwa, na anayevuna magunia mengi asipojua atayauza lini na kwa nani atakuwa ameongeza jasho tu. Msimu huo lengo jipya litakuwa soko. Malengo hupokezana kijiti, hayakimbii pamoja.

Wasomi wa Kiswahili nao wasijione wako mbali na kilima hiki. Chama cha wanafunzi kinachoahidi tamasha, ziara, kongamano, mashindano na jarida katika muhula mmoja aghalabu hufunga muhula kikiwa na picha za ziara na rasimu za jarida. Na mhitimu anayetoka chuoni bila ajira, akaanzisha uchapaji, uuzaji wa vitabu na tafsiri siku moja kwa mtaji mmoja wa kukopa, anapanda mwinamo wa Timboroa na mabehewa ambayo injini yake haiwezi kuyavuta. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi linaloponyoka ni lile lililokuwa limlishe. Na achague behewa moja, alifikishe kileleni, kisha arudi kuchukua jingine.