Hewa Iliyotunyang'anya Ndugu Wawili

Sisi watu wa Lubutu twaijua kazi ya mashimo. Udongo wetu wa Maniema una dhahabu na mawe ya bati, na vijana wengi hupata humo chumvi na karo ya shule. Lakini jambo moja tulifundishwa kwa machozi, nasi twapenda kuwaambia wenzetu wa parokia nyingine kabla hawajalia kama sisi.

Siku moja maji yalijaa shimoni. Vijana wakateremsha mashine ya petroli hadi chini ili kuyavuta. Ikanguruma, kisha ikazimika. Mmoja akashuka kuiwasha, hakurudi. Mdogo wake akamfuata, naye hakurudi. Wa tatu tulimshika kwa nguvu, akatutukana huku akilia. Huyo yu hai hata leo.

Wengine walisema ni uchawi. Sivyo. Moshi wa petroli una sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, mtu akalegea kama mwenye usingizi. Wazee walishusha taa: ikizimika, hawashuki. Desturi hiyo yafaa kwa mazuku, ile hewa nzito iuayo watu na mifugo mabondeni karibu na Goma. Lakini kwa sumu ya mashine, taa yaweza kuwaka vizuri na mtu akafa kando yake. Ndiyo sababu Waingereza walitumia ndege wadogo katika migodi ya makaa hadi mwaka 1986: ndege hulegea kabla ya mtu.

Siku hizi kuna chombo kidogo kama simu, chenye kuipima hewa. Sumu ikizidi, chapiga kelele. Vingine hupeleka habari juu bila waya. Lakini tusidanganyike: mawimbi yake hayapenyi vema udongo na mwamba. Basi kifungwe kambani, kitangulie, mtu asubiri.

Tumeanza kuchanga fedha tununue kimoja. Hata kabla ya kukipata tumewekeana sharti: mashine ya petroli haishuki shimoni kamwe. Twajua kwamba ikikaa juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi. Basi shimo la namna hiyo lingoje pampu ya umeme, jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Na mwenzako akianguka, usimfuate mbio. Ita watu, tafuta kamba, ingiza hewa safi.

Kumpenda ndugu si kufa pamoja naye. Mama wa vijana wale alizika wawili kwa siku moja. Asiwepo mwingine.