Tulitaka Kasi, Mama Alitaka Usingizi

Wanandoa wengi ninaowafahamu hugombana kwa sababu ya hela, simu au ndugu. Mimi na mwenzangu tuligombana kwa sababu ya swichi. Na si swichi ya ukutani ya kuwashia taa, la hasha! Nazungumzia kile kiboksi chenye matundu mengi na vitaa vya kijani vinavyopepesa, kinachounganisha ruta, kompyuta na vifaa vingine vya nyumbani kwa waya. Kabla hujacheka, msomaji wangu, subiri kwanza. Ndani ya ugomvi ule mambo yote yalikuwemo: hela, kazi yangu, na mama mkwe.

Tunaishi Kilakala, Morogoro, upande ule wa mji unaoanza kupanda kuelekea milimani. Ukitoka nje asubuhi, kilele cha Lupanga kinakutazama usoni. Watu huja kujenga huku kwa ajili ya utulivu. Mchana utasikia wanafunzi wa sekondari ya wasichana, jioni upepo unateremka kutoka Uluguru, na usiku mvua ikishanyesha ni vyura tu. Katika mtaa kama huu hata jokofu bovu la jirani unalisikia.

Kazi yangu ni uhariri, na ofisi iko Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, safari imekuwa ya chini ya saa mbili. Basi nikakubaliana na bosi wangu: siku moja kwa wiki nitakwenda ofisini, zilizobaki nitafanyia kazi nyumbani, mradi kurasa zitoke kwa wakati. Zikichelewa matoleo mawili mfululizo, narudi Dar. Na kurudi Dar maana yake ni kupanga chumba, kuonana na mume Jumamosi kwa Jumamosi kama wachumba, na mama kubaki na nani?

Mama mkwe alipata kiharusi, tukamteremsha kutoka Matombo kuja kukaa nasi. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo kumwondoa mama kwenye ardhi ya ukoo wake si jambo la kuamua juu juu. Alikubali kwa masharti kwamba ni kwa muda. Daktari alisisitiza vitu vitatu: dawa za presha, mazoezi ya mkono, na usingizi wa kutosha. Chumba pekee kilichokuwa wazi ni kile cha barazani, ambacho ndicho waya wa faiba unapoingilia nyumbani kwetu. Ruta iko humo, na diski kubwa tunayohifadhia kazi zetu iko humo.

Kwa nini tusitumie intaneti ya hewani tu kama watu wengine? Ukweli ni kwamba kwa kuangalia filamu na kuchati, ya hewani inatosha kabisa, usije ukatumia hela yako bure. Lakini nyumba yetu ina kuta nene za tofali za kuchoma, na mume wangu anachora ramani za misitu kwa kutumia picha za satelaiti. Mimi nina picha na video za wapiga picha. Fungu moja la mafaili linaweza kufika gigabaiti 40. Kwa hewani, kupitia kuta zile, tulikuwa tunapata kama megabaiti 10 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya saa nzima kulihamisha fungu moja kwenda kwenye diski. Kwa waya na swichi ya kawaida ya gigabiti 1 ni dakika sita hivi. Kwa swichi ya gigabiti 2.5, ikiwa diski yenyewe ina uwezo huo, ni chini ya dakika tatu. Wiki ya kufunga kurasa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nitalala au nitakesha.

Hapa niseme jambo ambalo wauza vifaa hawapendi kulisema. Swichi haiongezi kasi ya intaneti unayonunua! Kama kifurushi chako ni cha megabiti 50, kitabaki megabiti 50 hata ukifunga mtambo wa benki. Swichi inaharakisha safari za ndani ya nyumba tu. Na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima ilipata taabu ya intaneti, na hapo hakuna swichi ambayo ingekuokoa.

Basi bwana, siku moja mwenzangu akarudi na furaha tele, amebeba kitu kizito cha chuma chenye urefu wa karibu nusu mita. Ofisi fulani ilikuwa inauza vifaa vyake vya zamani, naye akakipata kwa laki moja. "Mama watoto, matundu 48!" ananiambia, kana kwamba ameniletea kitenge. Sisi tunahitaji matundu sita. Sijui wanaume na matundu wana nini.

Tulipokiwasha kilinguruma kama ndege inayotaka kupaa, kisha kikatulia kidogo. Kidogo tu. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya mitambo ambavyo halali mtu. Ni vyembamba, kwa hiyo feni zake ni ndogo, za milimita 40, na feni ndogo lazima izunguke kwa kasi sana ndipo isukume hewa ya kutosha. Ndiyo maana mlio wake ni mwembamba na mkali, tofauti na feni ya darini ambayo inabembeleza. Nilipima kwa programu ya simu, ikaonyesha desibeli 46 pale kilipo kitanda. Simu si kipimo cha maabara, lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele za mfululizo chumbani zisizidi desibeli 30, na hapo huhitaji maabara.

Mama hakulalamika. Wazee wetu wa milimani wana staha, hasa wakiwa wanakaa kwa mtoto. Niligundua mwenyewe usiku nilipokwenda kumpa maji, nikamkuta macho makavu.

"Mama, hujalala?"

"Nimelala, mwanangu." Akakaa kimya kidogo. "Hiki kidude chenu hakichoki?"

Asubuhi presha yake ilikuwa juu. Sisemi ni swichi iliyoipandisha, mimi si daktari. Lakini usiku wa tatu bila usingizi kwa mtu aliyetoka kwenye kiharusi si jambo la kufanyia majaribio, na nilimwambia hivyo baba watoto. Akanijibu kuwa kukitoa ni kunirudisha Dar. Hapo ndipo tulipopandishiana sauti, jikoni, kwa kunong'ona maana mama yuko chumba cha pili.

Alijaribu kunisikiliza kwa njia yake, yaani kwa bisibisi. Alitoa feni akaweka za kimya, lakini kifaa kikagundua zinazunguka polepole kuliko kilivyozoea, kikawasha taa nyekundu, na bati la juu likawa halishikiki. Akakifungia kwenye kabati la nguo. Sasa jua la Morogoro la Januari, ndani ya kabati... feni zikaongeza kasi, tukarudi kule kule.

Hesabu ya umeme ndiyo iliyomlainisha. Lile dude lilikuwa linakula wati 60, mchana na usiku, mwezi mzima uniti 43. Swichi ndogo isiyo na feni ya wati 8 inakula uniti zisizofika 6. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti unayolipa. Mtu aliyejisifu kwa kununua cha laki moja hapo alikuna kichwa.

Jumamosi tukaenda Kariakoo pamoja. Nasisitiza pamoja, kwa sababu kifaa kinachokaa chumbani kwa mama yako kinanunuliwa na wote wawili. Tulitaka isiyo na feni kabisa, inayopoa kwa bati lake lenyewe. Tulichagua yenye matundu manane ya gigabiti 2.5, maana kasi hiyo inapita vizuri kwenye waya wa daraja la 5e mpaka mita 100, na waya huo tayari tulikuwa nao ukutani. Ya gigabiti 10 tuliitazama tukaiacha. Kwa waya wa shaba kasi hiyo inatoa joto jingi kwa kila tundu, na joto ndilo linaloleta feni. Wanaoihitaji kweli ni afadhali waunganishe kwa faiba. Tuliacha pia zile zinazosukuma umeme wa kamera kupitia waya wa mtandao, kwa sababu hiyo hiyo ya joto.

Muuzaji mmoja alituapia kuwa yake ni kimya. Tukamwomba azime feni ya duka, nikaiweka sikioni kama simu. Ilikuwa inapiga mluzi! Haina feni, lakini vipande vyake vya ndani vinalia ting'ting'ting' kama mbu. Ya duka la pili ilikuwa kimya, na mwenye duka akakubali kuandika kwenye risiti kwamba ikilia nyumbani tunairudisha. Kariakoo kuna kelele, kwa hiyo hayo maandishi yana thamani kuliko sikio lako. Wakati ule ule tukaongeza waya. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, achana nayo.

Faida nyingine hatukuitegemea. Swichi ndogo inatumia umeme wa volti 12, sawa na ruta yetu, hivyo betri moja ndogo inaviendesha vyote viwili umeme ukikatika. Radi zikianza wakati wa masika tunachomoa kila kitu. Faiba haipitishi umeme, lakini waya wa ukutani unapitisha, na milima hii inajua kupiga.

Lile dude la matundu 48 lilichukuliwa na kijana mwenye darasa la kompyuta mjini, kwa elfu tisini. Darasani kuna makelele ya wanafunzi, feni hazisikiki. Mwenzangu anasisitiza kuwa hasara ni elfu kumi tu.

Kurasa za matoleo matano sasa zimetoka kwa wakati. Mama analala, na mkono wa kulia umeanza kushika kikombe. Swichi tumeipigilia ukutani juu ya kitanda chake, ikiwa imesimama wima ili hewa ipite. Inapata uvuguvugu siku nzima, na yeye ameshaligundua hilo. Kitu pekee ninachomkataza ni kuanika kanga juu yake.