Kabla ya kumwita mvivu

Je, umewahi kumwadhibu mtoto kwa kosa lako mwenyewe? Mimi nimewahi, na leo nakusimulia ili nawe usije ukatumbukia katika shimo lilo hilo.

Kifungua mimba wangu alipokuwa Gredi ya Tano, alama zake zilianza kushuka. Mwalimu wake akanipigia simu: kijana analala darasani. Nilighadhabika. Nilimwita mvivu mbele ya wadogo zake, kisha nikamtafutia mwalimu wa tuisheni wa kuja nyumbani kila jioni. Wapi! Alama zikazidi kuteremka.

Nilipokwenda shuleni, nilitarajia kuambiwa nimnunulie vitabu zaidi. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Mama, kijana hulala saa ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Tuisheni ilimalizika saa mbili usiku, kisha chakula, kisha kazi ya shule. Kitandani alipanda saa nne na nusu. Sisi twakaa Kayole, na basi la shule lilimchukua yeye wa kwanza, kwa hivyo ilimbidi aamke saa kumi na nusu alfajiri. Chai ilimshinda kwa usingizi. Alilala saa 6 tu! Wataalamu wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Nilitahayari.

Wahenga walinena kwamba mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Mtoto mwenye njaa na usingizi hata umfundishe vipi, somo halishiki. Isitoshe, ni katika usingizi ndipo ubongo huyahifadhi aliyojifunza mchana.

Nilisimamisha tuisheni. Kazi ya shule ikawa inafanywa kabla ya chakula, na ifikapo saa mbili na nusu usiku, runinga na taa zimezimwa. Basi tuliliacha. Sasa huamka saa kumi na moja na nusu, hunywa uji wake, kisha tunaabiri matatu pamoja nami nielekeapo kazini. Pesa za tuisheni ndizo nauli.

Sikudanganyi kwamba amekuwa wa kwanza darasani. La hasha! Lakini asubuhi moja njiani aliniuliza kwa nini mwezi bado unaonekana ilhali kumekucha. Ulikuwa umepita muda mrefu bila yeye kuniuliza lolote. Jioni hiyo, mbele ya wadogo zake wale wale, nilimwomba msamaha.

Nawe mzazi mwenzangu, mtoto wako alilala saa ngapi jana?