Hii Mipira Iko Mizee

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Liliingia gereji likiwa limevaa matairi manne ya kampuni tatu, na la nyuma kulia lilikuwa na ufa ubavuni unaoweza kuingiza ukucha. Mwenye gari, mzee mmoja Mhindi mzaliwa wa Nairobi, alisema anataka kulipeleka kwenye kiwanja cha mbio upande wa Athi River mwisho wa mwezi. Si mashindano, alisema. Ni siku ya kila mtu kuzungusha gari lake kwenye lami kwa zamu, ajue linaweza nini na yeye mwenyewe anaweza nini. Lakini kwa matairi yale asingefika hata getini.

Niseme kwanza nilikuwa natafuta nini pale, maana mimi si fundi. Nafanya kazi na vijana, wengi wao Wakongo na Warundi, na gereji hiyo ilikubali kuchukua watano wetu wajifunze mara tatu kwa wiki. Kazi yangu ni kuwafikisha kwa wakati, kuandika majina, na kuomba Mungu asitokee wa kutuletea aibu. Vijana wananiita yaya. Kwetu Kivu yaya ni kaka au dada mkubwa, jina la heshima kabisa. Mafundi wa Nairobi walicheka wiki nzima, kwao yaya ni yule anayelea watoto wa watu. Nimeacha kujitetea. Ukiangalia vizuri, hawajakosea sana.

Mzee alikuwa hana haraka. Alikaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa akawasimulia vijana habari za gari hilo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Datsun 240Z ilizishinda mwaka 1971, halafu tena mwaka 1973. Huo wa pili ndio aliotaka tuusikie. Dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta na familia yake wakahamia Kenya. Mwaka uliofuata akashinda Safari, tena kwa sare ya pointi na Harry Källström wa Sweden, ikabidi sheria iamue nani wa kwanza. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

"Alikuja Kenya amefukuzwa kwao, kama nyinyi," mzee akasema.

Kijana mmoja wetu, wa Fizi, miaka 19, akamwangalia chini juu. "Kama sisi hapana, mzee. Mkimbizi gani huyo wa kufika na kupewa Datsun?"

Nikaona haya, lakini mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akawa anamtafuta huyo kijana kwanza kila alipofika.

Sasa matairi. Mzee alikuwa na lake kichwani: anataka yale laini ya mbio, yanayoshika lami kama gundi. Alisikia kwamba tairi hupewa namba ya uimara wa kuisha. Tairi la kipimo lilipewa 100, kwa hiyo lenye 400 linategemewa kuishi mara nne ya hilo, na yale ya kiwanjani huwa 200 kushuka chini. Kadiri namba inavyopungua ndivyo mpira unavyokuwa laini, unashika zaidi, unaisha upesi. Mzee alitaka 100. Alisema amebakiza miaka michache ya kuendesha, tairi likiisha upesi si neno, yeye mwenyewe ataisha upesi.

Fundi mkuu hakumbishia. Aliita vijana wote, akainua gari kwa jeki, akashika gurudumu la mbele juu na chini akalitikisa. Lilicheza kidogo, tukasikia tok, tok. "Mnasikia?" Hiyo ni beringi. Akatuambia kwamba gari hili lilipochorwa, matairi yake yalikuwa na upana wa milimita 175, mipira migumu ya wakati ule. Beringi, boliti za magurudumu, mikono inayoshika magurudumu, hata bodi yenyewe, vyote vilipimwa kwa tairi ambalo likielemewa kwenye kona linateleza. Kuteleza kule ndiko kulikuwa kunaliokoa gari. Ukilivisha tairi linalokataa kuteleza, ile nguvu haipotei, inatafuta kingine cha kuvunja, na kitu cha miaka hamsini hakichelewi kupatikana. Hata oili: kwenye kona ndefu tairi likishika sana, oili yote inakimbilia upande mmoja wa injini, pampu inavuta hewa.

Hapo ndipo nilianza kupenda somo lenyewe. Nilidhani tairi bora ni lile linaloshika kuliko yote, basi.

Halafu kuna rimu. Mzee hakutaka kusikia habari ya kuzibadilisha, ni zile gari lilizotoka nazo kiwandani, inchi 14 kwa kimo na inchi 4 na nusu tu kwa upana. Kijana wa Fizi alipewa kazi ya kutafuta ni saizi gani zinaingia. Alirudi na daftari. Kwenye 185/70R14, alitueleza kama mwalimu, 185 ni upana kwa milimita, na 70 ni asilimia, yaani ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya huo upana, milimita 129 na nusu. Saizi hiyo inakubali rimu ya inchi 4 na nusu. Ile 205/60R14 ambayo mzee alikuwa anaiota inataka rimu ya inchi 5 na nusu au zaidi. Ukiilazimisha kwenye rimu nyembamba inabanwa miguuni na kuvimba tumbo, na kwenye kona gari linayumba juu ya hilo tumbo.

Kichekesho ni kwamba 185/70R14 ndiyo saizi ya Toyota nyingi za zamani zinazobeba watu mjini hapa. Mzee alinuna. Gari la mbio kuvaa viatu vya teksi!

Akasema tukaangalie sokoni kwanza. Akanipa mimi shilingi 80,000 mkononi, mbele ya vijana, na akasema neno ambalo lilinisumbua baadaye: "Ikibaki, nunueni spana za vijana." Tulikuwa na seti moja ya spana kwa watu watano. Sitasema nilifanya nini na hesabu hiyo usiku kucha, mtakuwa mmeshaelewa.

Kwenye duka la tatu muuzaji alitutolea matairi manne ya mbio, 205/60R14, laini, meusi tii, bado yana vile vinywele vya kiwandani. Shilingi 44,000 yote manne. Hiyo ni bei ya kutupa. Nilipiga hesabu palepale: zinabaki 36,000, seti mbili za spana, jeki moja, na nauli za mwezi. Habari ya rimu nyembamba niliijua, daftari nililiona. Nikajiambia mwenye gari ndiye aliyeyataka, mimi nani?

Kijana wa Fizi alichuchumaa. Upande uliokuwa unatutazama ulikuwa na herufi DOT na namba kadhaa, lakini namba ya tarehe haikuwepo. Tarehe kamili huwa ubavu mmoja tu wa tairi. Akaligeuza. Akasugua vumbi kwa kidole. 1109.

"Yaya," akaniambia polepole, "hii mipira iko mizee. Wiki ya 11, mwaka wa 2009. Miaka 15. Walizitengeneza niko na miaka minne."

Namba nne za mwisho, mbili za mwanzo ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Nilikuwepo wakati fundi anawafundisha. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kama tairi halijagusa barabara, maana mpira unakauka ukiwa umelala, unakuwa mgumu ndani na macho hayaoni. Kwenye kiwanja joto linapanda, na meno yanaweza kubanduka yakiacha tairi uchi. Vile vinywele vilikuwa vinaonyesha tu kwamba halijatumika, si kwamba ni jipya.

Nilijua yote hayo, na nilimkanyaga kiatu anyamaze.

Muuzaji alisema yalihifadhiwa gizani, hayana neno. Nikakubali upesi kuliko mtu asiyejua. Nikalipa amana 5,000, nikasema tutarudi na mkokoteni.

Tulitembea kama dakika kumi bila kusema. Mimi ndiye nilianza, nikamwambia kwamba mzee mwenyewe anataka laini, kwamba atazunguka polepole, kwamba spana ni zenu si zangu. Yote ya kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akasema yeye hatayafunga.

"Kwa nini wewe? Fundi mkuu si atafunga?"

"Atanipa mimi, ananipa magurudumu kila siku. Na tairi likipasuka, yaya, hakuna atakayeuliza ni ya mwaka gani. Watauliza nani alifunga. Watasema ni yule Mkongo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma namba ubavuni mwa tairi. Na mimi, ambaye kila Jumatatu nasimama mbele ya vijana nawaambia wasikubali kazi yoyote ya kuwaharibia jina, sikuwa na jibu.

Nilikwenda kwa mzee peke yangu. Nilimwambia mwaka wa matairi, nikamwambia kijana aliona na mimi nikamzima, na kwamba amana nimeitoa na muuzaji hairudishi. Sikuitaja spana, lakini nadhani aliielewa. Hakunifokea wala hakunipa pole. Aliuliza, "Amana ni ngapi?" Nikasema 5,000. "Basi hiyo ni yako."

Nimeilipa kutoka kwenye posho yangu kwa miezi miwili.

Siku iliyofuata tulinunua 185/70R14, mapya, ya mwaka huohuo, daraja la H ambalo linaruhusu mpaka kilomita 210 kwa saa, shilingi 68,000. Ya barabarani tu, lakini ya mpira mzuri. Kila tairi kijana alilisoma pande zote mbili kabla halijapakiwa. Zilizobaki na zile nilizolipa mimi zilitosha spana chache na kipima upepo kimoja kizuri, maana kile cha gereji kilikuwa kinadanganya. Beringi za mbele mzee alizilipia mwenyewe.

Athi River nilikwenda na kijana wa Fizi peke yake, gari lina viti viwili, sisi tulipanda matatu. Alikuwa na chaki mfukoni. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, aliweka upepo 30 kote, akachora mistari ya chaki kutoka kwenye meno kushuka ubavuni, sehemu tatu kwa kila tairi. Kuna watu pale wenye magari ya bei ya nyumba, wakawa wanamtazama anachora.

Mzee akazunguka mara tatu. Kwenye kila kona matairi yalilia, ile sauti ya nguruwe, na mwanzoni nilishtuka. Kijana akaniambia kulia ni vizuri, tairi linatoa taarifa kabla ya kuachia. Yale laini yanashika, yanashika, halafu kimya, na ghafla hayapo. Gari jipya jeupe lilimpita mzee mara mbili. Wala hakujali.

Aliporudi, kijana alipima kabla hayajapoa: 36. Joto limeongeza sita. Chaki ya nyuma ilikuwa imefutika mpaka ukingo wa meno tu, sawasawa. Ya mbele ilikuwa imefutika mpaka chini ubavuni, maana yake tairi linalala kwenye kona na kutembelea ubavu. Akaongeza mbili mbele. Akapitisha kiganja juu ya meno, ndani, katikati, nje, kama mama anayepima homa, akaandika.

Mzee alitaka kushuka anywe maji. Kijana akamwambia, "Bado, mzee. Nenda tena mara mbili kwanza, nione kama mbili zinatosha." Na yule mzee, mwenye gari, akafunga mlango akaenda.

Zilitosha. Kwenye daftari imeandikwa mbele 32, nyuma 30, baridi, na chini yake tarehe ya matairi, 2124, ili mtu atakayelifunga mwaka 2034 asiseme hakuambiwa.